Dar na Mombasa wamekwisha kunyolewa, Likasi tutie maji

Hapa Likasi, mtu akitaja madawa ya kulevya tunawaza bangi, lutuku na vidonge vinavyouzwa kwa kificho karibu na soko. Sindano hatuiwazi. Sindano kwetu ni ya muuguzi, ni ya malaria, ni ya mtoto anayelia mlangoni pa kituo cha afya. Mtu kujidunga mwenyewe mshipani ili alewe, hayo tunasema ni mambo ya Ulaya, au ya sinema. Watu wa Dar es Salaam walisema hivyohivyo katika miaka ya 1990, na watu wa Mombasa pia. Kisha ikawa watoto wao.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu mwaka 2025 ulibadilisha kitu kikubwa katika afya ya jimbo letu, na mabadiliko hayo yamezungumzwa kwa upande mmoja tu.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile ya kuapishwa kwake, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku nne baadaye mashirika yaliyokuwa yakifanya kazi kwa pesa hiyo yaliamriwa kuweka kalamu chini. Tarehe 28 Washington ililegeza kamba kidogo: huduma za kuokoa maisha ziendelee. Mwanzoni mwa Februari ikaeleweka kuokoa maisha kulikuwa na maana gani kwa upande wa ukimwi. Mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa aendelee. Mama mwenye virusi akingiwe mtoto wake. Vidonge vya kinga, vile ambavyo mtu asiye na virusi anameza ili asiambukizwe, vibaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Kazi ya kuwafuata mtaani watu wanaojidunga haikuwamo. Tarehe 1 Julai 2025 USAID yenyewe ikafunga.

Haut-Katanga haikuwa mtazamaji wa mbali. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003, iliweka nguvu zake nchini mwetu katika majimbo machache, na jimbo letu lilikuwa mojawapo, pamoja na Lualaba na Kinshasa. Kwa hiyo habari ilipofika, swali la kwanza la wakaaji lilikuwa: dawa zitaendelea? Swali la haki kabisa. Kwa hesabu za UNAIDS, nchi yetu ina watu zaidi ya laki tano wanaoishi na virusi, na kila mmoja anajua tarehe ambayo chupa yake ya vidonge itaisha. Lakini kuna swali la pili ambalo halikuulizwa kwa sauti: nani sasa atamfuata yule ambaye hajafika hospitali?

Wataalamu wana kundi wanaloliita watu walio katika hatari kubwa zaidi. Ni wanawake wanaouza miili, wanaume wanaolala na wanaume, wafungwa, na watu wanaojidunga madawa. Mpango wa taifa letu nao unawataja. Juu ya hao wa mwisho, UNAIDS imekadiria kwamba hatari yao ya kuambukizwa ni mara 14 ya ile ya mtu mzima wa kawaida. Na hao hawaji hospitali. Wanaogopa polisi, wanaogopa ulimi wa muuguzi, wanaogopa kumkuta shemeji amekaa kwenye benchi. Ndiyo sababu popote pale kazi yao imefanikiwa, ilifanywa na watu wa aina ya pekee: vijana wanaoujua mtaa, wengine waliowahi kutumia wenyewe wakaacha, wanaoingia kijiweni na sindano safi, kipimo cha damu ya kidole, kondomu na lugha isiyotukana. Ni kazi yenye mshahara mdogo na isiyo na bango barabarani. Katika mpango wowote wa kupunguza gharama ndiyo inayokatwa kwanza, maana hakuna anayekwenda kuandamana kwa ajili yake.

Historia ndefu ya habari hii iko pwani, kwa ndugu zetu wa lugha moja.

Heroini inatengenezwa kwa utomvu wa mmea unaolimwa Afghanistan. Inashuka hadi pwani ya Iran na Pakistan, inapakiwa kwenye majahazi, inavuka Bahari ya Hindi hadi Kenya, Zanzibar, Tanzania na Msumbiji. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata mbele ya pwani ya Kenya jahazi moja likiwa na kilo 1,032. Jahazi moja tu. Sehemu kubwa ya mali hiyo huwa inapita kwenda kwingine, lakini njia ya biashara haikosi kumwaga kidogo pembeni. Huko pwani heroini wanaiita unga. Kwetu unga ni wa bukari, na Mungu atuachie hivyo.

Mwanzoni vijana wa Dar waliivuta kwa moshi. Kuelekea mwaka 2000 ikaingia heroini nyeupe, inayoyeyuka kirahisi katika maji, na sindano ikaingia nayo. Mwaka 2005 watafiti wa Tanzania na Marekani waliandika katika jarida la waganga wa Uingereza, British Medical Journal, jambo ambalo hata leo linasomwa kwa shida. Walikuta kwamba baadhi ya wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijidunga walikuwa na desturi ya kusaidiana. Aliyepata pesa alinunua kete yake, akajidunga, kisha akavuta damu yake mwenyewe irudi kwenye bomba la sindano, akampa mwenzake asiye na kitu. Mwenzake akajidunga damu ile. Waliamini kwamba ndani yake kulibaki heroini ya kutosha kumtuliza arosto, yaani yale mateso ya kukosa: kutetemeka, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma kana kwamba inavunjwa.

Huwezi kubuni njia ya haraka zaidi ya kuhamisha virusi kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Na ilifanywa kwa huruma. Mtu anayewahukumu watu hawa kwa haraka aisome tena habari hiyo: maskini aliyekuwa na kitu kimoja tu mwilini mwake, alikigawa.

Si ukimwi peke yake unaopita hapo. Homa ya ini aina ya B na aina ya C hupita pia. Katika majaribio ya maabara, virusi vya aina ya C vimeonekana kuishi ndani ya bomba la sindano hadi siku 63. Miezi miwili, sindano imelala kwenye tundu la ukuta, na bado inaweza kuua. Homa hiyo haina haraka. Inatafuna ini miaka na miaka, na mgonjwa anafika kwa mganga tumbo limekwisha kujaa maji.

Tanzania haikukaa na mikono kifuani. Februari 2011 hospitali ya taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya metadoni, ya kwanza ya aina yake katika bara hili kusini mwa Sahara ukiondoa visiwa. Zikafuata Mwananyamala na Temeke. Temeke hiyohiyo ndiko shirika la Médecins du Monde lilikoanza kugawa sindano safi. Kenya ilianza metadoni Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikashuka pwani hadi Malindi na Mombasa. Zanzibar ilianza mwaka 2015. Na Tanzania ikaendelea kusogeza huduma hiyo mbali na bahari, hadi Mwanza, hadi Mbeya.

Mbeya. Kila dereva wa lori anayepandisha mali kutoka bandari ya Dar kuja kwetu anapita Mbeya, halafu Tunduma, halafu Zambia yote, halafu Kasumbalesa. Serikali haifungui kliniki ya metadoni mahali ambapo hakuna wanaojidunga. Ikiwa Mbeya imeihitaji, basi sindano imekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani kwa barabara ileile inayotuletea sisi sukari, magari na vipuri, na inayopeleka shaba na kobalti yetu baharini.

Ni vizuri kueleza metadoni inafanya nini, maana ndipo utaona hasara ya kuikatiza. Ni dawa ya kunywa. Mtu anakwenda kliniki kila siku, anainywa mbele ya muuguzi, na kwa siku nzima mwili wake hauna arosto. Hahitaji kuiba kwa ajili ya kete, na hahitaji sindano. Lakini faida kubwa zaidi ni ile safari ya kila siku. Mtu ambaye zamani hakuna mganga aliyemwona kwa miaka mitano, sasa anaonekana kila asubuhi. Muuguzi anaweza kumpa hapohapo vidonge vya ukimwi. Anaweza kusikia kikohozi chake, akampima kifua kikuu, akamsimamia dozi ya miezi sita hadi mwisho. Anaweza kumchanja dhidi ya homa ya ini aina ya B. Mlango mmoja, matibabu manne.

Sasa funga mlango huo. Kinachokatika si metadoni tu, ni vyote vinne kwa siku moja. Arosto haingoji wiki ijayo. Baada ya siku moja au mbili mtu anatafuta kete, na mwili uliokuwa umezoea kipimo kingine unaweza kufa kwa dozi ya zamani. Asipopata sindano safi anaazima. Akiacha vidonge vya ukimwi, virusi vilivyokuwa vimelala vinaamka ndani ya wiki chache, na damu yake iliyokuwa haiambukizi inaanza kuambukiza tena, wakati huohuo ambapo ameanza kuazimana sindano. Akiacha dozi ya kifua kikuu katikati, vijidudu vinajifunza kuishinda dawa, na hivyo vilivyojifunza ndivyo atakavyowakoholea watu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana kukatika kwa huduma kwa watu wanaojidunga hakufanani na kukatika kwingine. Mgonjwa wa shinikizo la damu akikosa dawa anaumia yeye, na ni huzuni. Huyu akikosa, ugonjwa unatoka naye kwenda kwa wengine.

Mifano ipo. Machi 2014 Urusi iliichukua Crimea, na kwa kuwa sheria ya Urusi inakataza metadoni, watu wapatao 800 waliokuwa wakiitumia wakakatiwa. Januari mwaka uliofuata mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya ukimwi katika eneo hilo, Michel Kazatchkine, alisema kati ya 80 na 100 wao walikuwa wamekwisha kufa. Kenya nayo ilijaribiwa Machi 2020, wakati wa korona, serikali ilipoweka marufuku ya kutembea usiku. Mtu anayetakiwa kufika kliniki kila siku atafikaje? Waganga wa huko waliamua baadhi ya wagonjwa wapewe dozi za kwenda nazo nyumbani. Uamuzi mdogo, haukuhitaji mabilioni, na unaonyesha kwamba huduma inaweza kuvumilia dhoruba ikiwa kuna mtu aliyefikiria mapema. Mwaka 2025 dhoruba ilikuwa ya namna nyingine. Vituo vya mashirika vilivyokuwa vikiwapokea waraibu nchini Kenya vilifunga milango au kupunguza watu, na wale vijana wa kutembea mtaani wakarudi nyumbani.

Mfano unaotusumbua zaidi lakini hautoki Afrika. Unatoka Marekani kwenyewe, katika wilaya ya Scott, jimbo la Indiana. Huko kuna mji mdogo uitwao Austin, wenye watu wapatao 4,200, uliokaa pembeni ya barabara kuu. Wilaya nzima ilikuwa ikipata wagonjwa wapya wa virusi wasiofika watano kwa mwaka. Mwaka 2013 kituo pekee kilichokuwa kikipima virusi katika wilaya hiyo kilifungwa kwa kukosa fedha. Hakuna aliyepiga kelele. Wagonjwa walikuwa wachache, kituo cha nini? Watu wa pale walikuwa wakijidunga vidonge vya kutuliza maumivu vilivyosagwa, familia nzima wakishika sindano moja. Mwishoni mwa 2014 kesi za kwanza zikaonekana. Tarehe 26 Machi 2015 gavana Mike Pence, ambaye alikuwa mpinzani wa kugawa sindano, alilazimika kutangaza hali ya dharura na kuruhusu zigawiwe. Mwishowe walihesabiwa watu zaidi ya 200.

Zaidi ya 200 kutoka mji wa watu 4,200, katika nchi tajiri kuliko zote, mwaka mmoja na kitu baada ya kufunga kituo kimoja. Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Idadi ndogo ya leo si sababu ya kufunga. Kipimo kinapoondoka, ugonjwa hauondoki. Unabaki bila mtu wa kuuona, na siku unapoonekana umekwisha kuingia katika kila nyumba. Na Likasi pia ni mji uliokaa pembeni ya barabara kuu.

Sisi Wakatanga tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Mwaka 2014 watafiti wa Oxford na wenzao walichapisha katika jarida Science historia ya virusi vya ukimwi kwa kusoma chembe za virusi vyenyewe. Walionyesha kwamba vilianza kuenea Kinshasa, iliyokuwa Léopoldville, karibu mwaka 1920, na kwamba kabla ya 1940 vilikuwa vimekwisha kufika Mbuji-Mayi na Lubumbashi. Vilifuata watu, na watu walifuata reli. Ni reli ileile inayopita hapa kwetu. Babu zetu waliokuwa wakipakia shaba hawakuweza kuona kilichokuwa kikisafiri nao. Jina la ugonjwa huo lilikuja miaka zaidi ya arobaini baadaye. Wao wana udhuru. Sisi hatuna. Leo njia ni barabara ya taifa namba moja, malori yanalala kwenye maparking, Kasumbalesa dereva anaweza kungoja siku na siku, na penye dereva anayengoja pana mwanamke anayeuza mwili na kijana anayeuza chochote.

Atakayesema madawa hayaingii kwa kasi hivyo akumbuke Kinshasa. Mwaka 2021 jiji lile lilishtuka kusikia juu ya bombe, unga uliotengenezwa kwa kusaga kipande cha ndani cha bomba la moshi la motokari na kuchanganywa na vidonge. Watu walikuta magari yao yamekatwa usiku. Haikuwa sindano, lakini inaonyesha jinsi kitu kisichojulikana kinavyoweza kupata jina, bei na wateja kabla serikali haijaamka. Na serikali ilipoamka, jibu lilikuwa polisi.

Polisi ndio jibu tunalolijua, nasi hapa Likasi tuna gereza la Buluwo kwa ushahidi. Hatusemi muuzaji asikamatwe. Lakini mtu anayetumia akiingia gerezani, tabia yake haibaki getini, na ugonjwa wake hali kadhalika. Nchi yetu imo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa kuliko zote wa kifua kikuu, na magereza yetu yamejaa kupita kiasi. Mfungwa aliyekuwa katikati ya matibabu akakamatwa siku ya Ijumaa, nani anampelekea dawa Jumatatu? Siku moja atatoka, na atarudi Kikula au Panda kwa mama yake.

Tunajua baadhi ya wasomaji wamekwisha kukunja uso. Mama anayejifungua anatumwa kununua glavu na sindano yake mwenyewe, nyinyi mnataka sindano za bure kwa walevi? Hoja hiyo ina uzito na hatutaikimbia. Mtu aliyelipia kila kitu katika ugonjwa wa mtoto wake ana haki ya kuudhika. Lakini tuhesabu kama wafanyabiashara tulivyo. Sindano ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo kwenye duka la dawa. Mtu mmoja anayeambukizwa anahitaji vidonge kila siku hadi kufa kwake, na mkewe pengine naye, na mtoto. Watu wanaojidunga wana wake na waume. Virusi havibaki kijiweni. Yule mama anayenunua glavu ndiye atakayeshiriki foleni na wagonjwa ambao hawakupaswa kuwapo.

Wapo pia watakaosema sindano safi inamfundisha kijana kujidunga. Kenya ilipotangaza mpango huo mwaka 2012, viongozi wa dini waliupinga kwa nguvu. Tunategemea wachungaji na mapadri wetu nao watauliza, na wakaribie kuuliza. Ila miaka ya kazi katika nchi nyingi imeonyesha kwamba sindano safi haiongezi watumiaji. Inapunguza maambukizo, na inamleta mtu karibu na wale wanaoweza kumsaidia kuacha. Vyumba vya maombi vimejaa vijana waliofungiwa waache. Maombi hatuyapingi. Lakini anayeombewa apimwe pia kifua kikuu.

Pesa itoke wapi? Kwa Wamarekani, tumeona. Na hata wakati wa neema, sheria yao iliizuia pesa ya PEPFAR kununua sindano za kugawa. Walilipia watu, vipimo na dawa, sindano zikalipwa na Mfuko wa Dunia na wafadhili wengine. Mfuko huo nao, katika mkutano wa Johannesburg wa Novemba 2025, ulipata ahadi za dola bilioni 11.34 wakati ulikuwa ukitafuta bilioni 18. Mikono yote miwili imepungua.

Likasi inajua maana ya kuegemea mfuko mmoja. Wazee wa Panda na Shituru wanakumbuka wakati mfanyakazi wa Gécamines alikuwa na hospitali, shule na mgawo wa chakula, bila kutoa hata kuta moja. Kampuni ilipoanguka, mganga alianguka nayo. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni walipewa bahasha na kuambiwa wameondoka kwa hiari, na familia zao zikagundua kwamba afya haikuwa haki bali ilikuwa sehemu ya mshahara. Kosa la wakati ule lilikuwa kudhani Gécamines haifi. Miaka ishirini iliyopita tumedhani hivyohivyo juu ya wafadhili.

Lakini makuta yapo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo linakotoka madini, 15 mji au sekta ya mahali pa uchimbaji, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, inalipiwa asilimia 10. Haut-Katanga si jimbo la kuomba kila kitu. Mwaka 2001 huko Abuja marais wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti zao katika afya. Wabunge wetu wa jimbo wanaweza kujipima wenyewe kwa kipimo hicho, kalamu mkononi.

Tunachoomba si hospitali mpya yenye jiwe la msingi na utepe wa kukata. Tunaomba kwanza hesabu. Idara ya Afya ya Jimbo, pamoja na maeneo ya afya ya Likasi, Kikula na Panda, itume watu kwenye maparking, kwenye machimbo na ndani ya Buluwo, waulize nani anajidunga, anajidunga nini, na wapime damu kwa hiari: ukimwi, homa ya ini aina zote mbili, na kikohozi. Ipimwe bila polisi kusimama mlangoni, na majina yasitoke. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inamlinda mwenye virusi dhidi ya kutangazwa na kubaguliwa, na inapaswa kutumika kwa mtu huyu kama kwa mwingine.

Halafu wale wahamasishaji waliorudishwa nyumbani mwaka 2025 watafutwe kabla hawajatawanyika kwenda kuuza krediti za simu. Wanajua mitaa ambayo mganga mkuu wa eneo hawezi kuingia. Ujuzi wao ulijengwa kwa miaka, na ukipotea, hauagizwi kutoka Dubai. Mishahara ya watu ishirini au thelathini wa namna hiyo haiwezi kuishinda serikali ya jimbo linalouza shaba dunia nzima.

Kuhusu metadoni, hilo si la gavana kuamua peke yake. Ni la wizara ya afya Kinshasa na mamlaka ya dawa, na litachukua muda. Ndiyo sababu lianze kuzungumzwa sasa. Kati ya siku vijana wa Dar walipoanza kujidunga na siku Muhimbili ilipofungua kliniki yake ilipita miaka zaidi ya kumi, na ni katika miaka hiyo ambapo damu iligawanywa kwa sindano. Waganga wetu wanaweza kupanda basi hadi Mbeya wakajifunza kwa wenzao, kwa Kiswahili, bila mkalimani.

Bunge la jimbo litakapokaa kwa kikao cha bajeti cha Septemba, tutatafuta katika kurasa za afya mstari mmoja wenye jina la kazi hii na kiasi chake kwa franka. Usipokuwapo, tutawauliza wabunge waliochaguliwa Likasi, mmoja mmoja, ni kituo gani wanangoja kifungwe kwanza.